Walichosema Watu Bandani Siku Ile

Stefano, mwenzangu,

Anna wako alipanda Mbinga juzi. Amekua. Paji la uso ni lako, mwendo wako, hata kukohoa kidogo kabla ya kuongea amekurithi. Alikuja kufunga bidhaa za duka la mama yake, akapita bandani kunisalimu. Akanipa shikamoo yangu, nikaitikia, tukakaa. Tuliongea habari za shule, za mvua, za barabara ya kushuka ziwani. Halafu akaniuliza jambo moja, tena bila hasira, kama mtu anayeulizia njia.

"Baba mdogo, eti ni kweli watu walimchoka baba?"

Nikamwambia chai inapoa, anywe kwanza. Akanywa. Gari la Mbamba Bay likapiga honi, akabeba mizigo yake akaenda. Hakupata jibu. Ndiyo maana leo nimekaa kwenye benchi la mbele, pale ulipokuwa unaweka koti lako, naandika. Mimi si mtu wa kuandika, unanijua, darasa la saba langu nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini jibu la Anna ninalo mimi, na nimelikalia miaka yote hii.

Padri nilishamwambia. Aliniuliza kama uongo ule ulimdhuru mtu, nikasema sijui. Basi hata kwenye maungamo nilidanganya.

Unakumbuka tulivyoanza? Biashara ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda Mbinga na mizani zao, kila aliyepata kahela anafungua kitu. Mwingine kioski, mwingine mashine ya kusaga. Mimi nikanunua TV, deki na jenereta, nikasimamisha banda la mabanzi nyuma ya soko na mabenchi ya milingoti. Nikawa naweka mikanda ya ngumi kama wenzangu. Watu walikuja, wakazoea, wakaanza kusinzia. Siku moja nikaweka katuni ya Kijapani, mkanda ambao mwuzaji wa Songea alinipa kama nyongeza. Picha nzuri, lakini chini yake maandishi ya Kiingereza yanapita mbio, na bandani hakuna wa kuyakamata. Wewe ulikuwa umekaa nyuma na kikapu chako cha usipa, dagaa wa ziwa lenu. Kiingereza ulikiokota Malawi, ulipokuwa unafanya kazi ng'ambo ya ziwa. Ukaanza kumnong'oneza jirani yako. Jirani akasema ongeza sauti. Mkanda haujafika mwisho, tayari ulikuwa umesimama kando ya TV na watu wote wanakutazama wewe.

Yule binti mwenye upanga wa babu yake ukamwita Sabina. Jina lake la Kijapani ulisema ni refu, litatuchelewesha. Kaka yake amechukuliwa na mafuriko, naye anamtafuta nchi nzima. Yule tajiri mwenye jicho moja anayenunua mpunga wa wanavijiji kwa ujanja ukampa jina la Mizani, na sauti ukampa ya mnunuzi anayekwambia kahawa yako ina unyevu. Akifungua mdomo tu, banda zima linaguna. Mzee Gotfrid alikuwa anatembea kutoka Mbuji kuja kumzomea Mizani. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini watu wa nchi ile wanalia njaa na unga umemwagika mpaka juu ya mapaa. Ulisimamisha mkanda ukamweleza theluji. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, lakini hata kama ni baridi, si waonje kwanza.

Na hapo ndipo ulipopata wazo la onja. Ulisema kilabuni mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya wateja, ila mpishi wetu yuko Japani, hawezi kuja, basi mtaonja ninyi. Kila hadithi mpya ikija, mkanda wa kwanza ukiisha, tunazima jenereta, tunafungua madirisha. Anayetaka anasimama, anataja jina lake na anakotoka, anasema alichoona. Uliweka sheria moja tu, kwamba kwenye onja hatusemi cha kumfurahisha mpishi. Watu waliipenda kuliko katuni zenyewe. Mama Kolumba wa vitumbua alikuwa anaacha karai lake mlangoni aingie kutoa maoni, na vitumbua vinaungua.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Banda lilikuwa langu. TV yangu, mafuta ya jenereta natoa mimi. Lakini nikikaa sokoni nasikia watu wanaambiana, twende kwa Stefano. Mtu alitoka Mbuji na jogoo, akanipita mimi mlangoni, akakuletea wewe. Nilicheka na wengine. Wewe ulikuwa unanitania, mtu wa mashimo, kwa ajili ya ngolo zetu, yale mashimo ya kulimia mlimani, unasema Wamatengo tunachimba mlima mzima tujifiche tusione ziwa. Nami nakwambia kaa kimya, mla usipa. Tulicheka kweli, sikatai. Lakini ndani kulikuwa na kitu kinaota.

Kikohozi kikakushika. Ukawa unakatisha maneno ya Sabina katikati, unageukia ukuta, unarudi unaomba radhi kwa sauti ya Sabina huyo huyo, watu wanacheka, hawajui. Mimi nilijua. Ukaamua kurudi kwenu Mbaha, ziwani, upumzike. Nilikusindikiza stendi. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya gari.

"Kasiani, sizini mpya ikija, nisubiri," ulisema. "Ukishindwa kusubiri, waonjeshe, halafu uniletee maoni. Usiniongezee wala usinipunguzie."

Nikasema haya.

Sizini mpya ikaja. Si mikanda tena, ni sidii, na juu yake kuna mtu wa Dar ameshaingiza sauti yake kwa Kiswahili. Mwuzaji akaniambia, sasa huhitaji kumlisha mtafsiri. Ningeweza kusubiri, hakuna aliyenisukuma. Ila niliposikia maneno yale nilifurahi, Stefano. Nikanunua na deki ya sidii.

Niliweka Jumapili baada ya misa, kahawa ilikuwa imelipwa, watu wamejaa mpaka madirishani. Naomba sasa nikupe onja ile kama ilivyokuwa. Nimechelewa, najua.

Picha ilikuwa safi kuliko zote tulizowahi kuonyesha. Sabina amekua, amekata nywele. Mizani amefungwa kamba kwenye meli, hana mali tena. Na mwisho kabisa, kaka yake anatokea, mzima, amevaa nguo za jeshi la adui. Yule kaka tuliyemsubiri sizini nzima. Wewe ungefika hapo ungenyamaza kwanza, nakujua, ungewaacha watu wamwone wenyewe. Yule wa Dar alisema, "Huyu ndiye kaka yake," akaendelea. Hakuna aliyeshtuka. Mtoto mmoja alipiga miayo.

Nikazima jenereta, nikafungua madirisha. Kisha Mama Kolumba akasimama.

"Mimi Mama Kolumba, wa hapa hapa mlangoni. Sabina amekua, nywele zimempendeza. Ila anaongea kama anatusomea matangazo ya vifo redioni."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Fundi cherehani, yule Mngoni, akasema alikuja kumchukia Mizani na hakupata nafasi, Mizani amekuwa mpole kama karani wa kanisa. Mwalimu wa hisabati akasimama akasema Kiswahili cha mtafsiri ni sanifu, kinaeleweka, na picha ni bora kuliko za zamani. Nikashukuru moyoni. Halafu akaongeza, lakini sikucheka hata mara moja, akakaa.

Wa mwisho alikuwa Mzee Gotfrid. Alivaa kofia kabisa kabla ya kuongea.

"Mimi Gotfrid, wa Mbuji. Sijaona kitu. Nimeona midomo. Stefano akipona, mniite."

Akatoka. Wengine wakamfuata, wakaniambia hizo sidii zilizobaki nizifungie mpaka utakaporudi. Mama Kolumba alinishika mkono pale mlangoni, mkono wake una mafuta ya vitumbua, akasema, "Mwambie Sabina anamsubiri."

Hayo ndiyo maoni. Hakuna mengine.

Wangekuwa na akili kidogo wangeona uso wangu. Nilisimama pale na deki yangu mpya nikaona wameniambia mbele za watu kwamba mimi ni mwenye mabenchi tu. Nikashuka Mbaha na hasira hiyo kifuani, njia nzima ya kuteremka mlima sikuliona hata ziwa.

Nilikukuta nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, kivulini. Mama Anna alikuwa anageuza usipa kwenye chanja. Ulikuwa umekonda mpaka nikatafuta pa kuweka macho. Lakini ulitabasamu, ukasema mtu wa mashimo umefika. Na kabla sijaletewa maji ya kunywa ukaniuliza, "Walisemaje?"

Pembeni ya mlango kulikuwa na kifurushi cha nguo. Mama Anna alinieleza kwamba mmeamua kupanda Mbinga wiki ile, hospitali ikakutazame vizuri, maana umeanza kusema unataka kurudi kazini.

Nikakwambia wameipenda. Nikasema mtafsiri wa Dar Kiswahili chake ni sanifu, kinaeleweka, na picha ni bora kuliko za zamani. Unaona? Nilichukua nusu ya maneno ya mwalimu nikakuletea kama ndiyo ya banda zima.

Ukauliza, "Na Mzee Gotfrid?"

Nikasema, "Gotfrid alipiga makofi."

Gotfrid hajapiga makofi tangu azaliwe. Hata askofu alipokuja hakupiga. Wewe ulijua, na ulinitazama muda mrefu. Ungenibana kidogo tu ningesema. Mpaka leo sijui kama uliuamini uongo wangu au uliona tu kwamba rafiki yako ametaka uuamini. Sijui lipi ni baya zaidi.

"Basi vizuri," ulisema. "Mradi hawakosi kuangalia."

Halafu ukamgeukia Mama Anna, ukamwambia azitoe zile nguo, safari haina haraka.

Sisemi ni mimi niliyekuua. Mganga wa zahanati alisema mapafu yalikuwa yameshaharibika, pengine hata hospitali isingesaidia. Pengine. Lakini zile nguo zilitolewa kwenye kifurushi mbele yangu, moja moja, nikiwa nimeshika kikombe cha maji. Nilipoondoka ukanifungia samaki, mbasa wawili, niwapelekee wanangu. Nikawapokea. Nikawala.

Ulipokufa nilipata habari kwa dereva. Watu wa banda wakakodi lori, wakajaa, Mama Kolumba kiti cha mbele, Mzee Gotfrid nyuma amesimama njia nzima, amekataa kukaa. Walipoteremka pale kwenu, Mama Anna aliniuliza kwa mshangao, "Hawa wote wametoka wapi?" Hapo Mungu alinifungulia mlango kabisa. Nikamjibu, "Ni wateja." Wakakuzika, nami nikatoa rambirambi kama mtu mwema.

Kumbe ulikuwa umeshamwambia. Ulimwambia mkeo na binti zako kwamba watu wamekuchoka, na ni haki yao. Ndivyo wanavyokukumbuka kwenye nyumba yako mwenyewe. Hilo sikulijua mpaka juzi Anna aliponiuliza.

Hapa mambo yamebadilika. Mabaa yana madishi, mnara wa simu umesimama, vijana wanakuja bandani kwa ajili ya mpira tu. Sizini ile ya pili haikumalizika. Sidii zimekaa kwenye boksi vilevile walivyoniagiza nizifungie, hakuna anayejua kama Sabina alimrudisha kaka yake. Mwuzaji wa Songea amenitumia salamu kwamba hata ya tatu imetoka. Sijaitaka. Mzee Gotfrid hana macho mazuri siku hizi, lakini akija sokoni bado anapita mlangoni, ananiuliza kama kuna mtu wa kutafsiri. Nikisema hakuna, anaendelea na safari.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ninachoweza ni kukuahidi. Jumamosi nashuka Mbaha. Wakinipa maji, nitayaweka chini kwanza. Nitawaomba Mama Anna na binti zako wakae, nami nitasimama kama sheria yako inavyotaka, nitaje jina langu, mimi Kasiani, wa Mbinga, mwenye mabenchi. Nitawapa maneno ya Mama Kolumba, ya fundi, ya mwalimu yote mawili, ya Gotfrid na kofia yake. Halafu nitawaambia nilichokuletea wewe badala yake. Wakinifukuza, nitapanda mlima kwa miguu.

Pumzika, mla usipa. Mama Kolumba alisema nikwambie Sabina anakusubiri. Sijaongeza wala sijapunguza.

Mimi mwenzako,
Kasiani