Betri Ilikuwa Imelala

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi kweli. Mimi huku mzima wa mwili. Gereji ipo, paa linavuja palepale, na fundi viatu wa jirani anakuulizia kila asubuhi, mpaka nimeanza kupita njia ya nyuma.

Najua utashangaa kuona barua badala ya simu. Kwenye simu wewe ni mtu wa "sawa" na "haya", halafu unakata. Na mimi nikisikia hiyo "sawa" moja tu, naanza kuongelea mvua. Kwenye karatasi huwezi kunikatisha na mimi siwezi kukimbia. Nimeshachana tatu, hii ya nne.

Ni habari ya trela ya Mama Miwani, kile kijumba chake anachokivuta kwa pikapu toka mji hadi mji, anapima watu macho na kulala humohumo. Tulikifanyia kazi wote wawili. Wewe ulimfungia ile swichi kubwa ya mlangoni, ya kuzima kila kitu kwa mkupuo. Mimi nikamganda atupe betri zake za maji anunue ya lithiamu, nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja. Siku betri ilipofika nilikuwa naruka kama bwana harusi. Wewe uliigeuzageuza ukauliza kifuniko cha kuongezea maji kiko wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulicheka na wewe, ukasema basi hiyo ni betri ya watu wavivu.

Halafu Mama Miwani akaenda kumuuguza dada yake, trela ikakaa chini ya paa letu wiki tatu. Ulizima swichi, ukapaka grisi vichwa vya betri kama ulivyozoea, ukafunga mlango. Asubuhi aliyorudi alikuwa anasubiriwa na shule nzima ya watoto wa kupimwa macho. Akabonyeza taa, giza. Feni, kimya. Nikaingia na testa kama daktari wa dharura, nikapima: sifuri. Nikatoka nje nikatangaza mbele ya kila aliyekuwepo kwamba betri imekufa, na kwamba imeuliwa na grisi ya mzee. Nilisema "mzee", baba. Sikusema "baba". Hilo nalo linanirudia.

Mama Miwani alikugeukia akakuuliza kama ni kweli. Ukasema hivi vitu vipya huvijui vizuri, kama kijana anasema ni grisi, basi ni grisi. Hakukufokea. Alisema tu kwamba watoto watasubiri, na akaingia kwenye pikapu peke yake kwenda kuwaambia. Nadhani angekufokea ungepona haraka.

Mimi nikatoa simu. Hiyo video sijawahi kukuonyesha, ila nasikia umeshaonyeshwa. Nilirekodi betri, nikarekodi mikono yako ikifuta grisi, nikasimulia na ile ya kifuniko cha maji, kwa kuchekesha, kwa sauti yako. Ilitazamwa na maelfu. Watu wakaandika Chapchap wewe ni noma, Chapchap tufundishe na sisi. Nilikuwa natembea na simu mkononi kama nimebeba kombe.

Siku nne baadaye ukasema unaenda kupumzika kwa dada. Ulipanga spana zako zote kwenye boksi, ukubwa kwa ukubwa, ukaliacha juu ya meza yangu.

Sasa nisikilize. Sisi pale gereji tumezoea kwamba testa ikisoma sifuri, betri imekufa. Za maji ndivyo zilivyo. Lithiamu sivyo. Ndani yake kuna kibao kidogo kinachoilinda. Chaji ikikaribia kuisha kabisa, kinafunga mlango, na huku nje testa inasoma sifuri. Haijafa. Imelala. Ukiipa chaja yake inaamka. Hili nilishakutana nalo kwenye video moja ya mafunzo, nikalisogeza mbele kwa sababu yule jamaa alikuwa anaongea polepole.

Na aliyeilaza siyo wewe. Kabla Mama Miwani hajasafiri, nilihamisha waya wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Niliutoa kwenye swichi yako nikaufunga moja kwa moja kwenye betri, ili inveta isizimike na mimi niwe nasoma chaji kwenye simu nikiwa kitandani. Sikukwambia, maana nilijua utakataa. Kwa hiyo ulipozima swichi ukaamini kila kitu kimezimwa. Inveta ilikuwa inanyonya kidogokidogo, wiki tatu, chini ya paa, paneli ya sola haioni jua. Grisi yako haikufanya kitu. Ulifanya kazi yako kama mtu mwenye akili. Mimi ndiye niliyepita nyuma yako.

Ningeweza kuishia hapa ukanisamehe kwa ujinga. Ujinga una nafuu. Ila kuna kilichobaki, na ndicho kilichonichania zile karatasi tatu.

Uliondoka Jumamosi. Ijumaa mchana, wewe ukiwa kwa kinyozi, mteja aliniletea chaja nimjaribie. Sikuwa na betri nyingine, nikaingia kwenye trela nikaichomeka kwenye ile "maiti". Taa ikawaka kijani. Nikapima, volti kumi na tatu. Nikafuata waya kwa kidole mpaka kwenye inveta, nikaelewa yote pale pale. Halafu nikachomoa, nikaitoa betri nje, nikaifunika kwa gunia, nikaisukuma chini ya meza, kwa sababu ya ile video. Nilikuwa nawaza watu nisiowajua wataniandikia nini.

Kesho yake nilikubebea begi mpaka kituoni. Ukaniambia gereji sasa ni yangu, niwe nakula. Nilikuwa najua, baba. Nilikupandishia begi nikijua.

Wiki tano nimekaa hivyo. Juzi dada akapiga akaniambia watoto wa jirani wanakuita Mzee Kifuniko, na kwamba taa ya sebuleni iliungua ukakataa kuigusa, ukasema aitwe anayejua. Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa Mama Miwani. Nikamweleza kwenye dirisha la trela yake, wateja wakisikia. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akaniuliza kama wewe umeshaambiwa. Nikasema bado. Akasema basi nimeanza na mtu ambaye siye, na kama nimekuja kutua mzigo kwake, niubebe nikaupeleke unakotakiwa.

Video nimeifuta, ingawa wengine wameshainakili. Nimeweka nyingine, uso wangu, nikieleza kama nilivyoeleza hapa. Imetazamwa na watu kumi na mmoja. Mmoja wao ni mimi.

Barua hii anakuletea Mama Miwani mwenyewe. Alhamisi atakuwa mji wenu na trela. Nilimwomba niende naye, akakataa. Alisema nitasimama mbele yako na uso wa kutaka kulia, wewe utaanza kunibembeleza, na mwisho aliyekosewa atakuwa ndiye anayefanya kazi. Betri nimemrudishia, ipo kitandani kwake humo kwenye trela, haijafungwa. Anasema haitafungwa na mtu mwingine ila wewe, na ukikataa atarudi nayo hivyohivyo, hatanuna.

Mimi sikuombi urudi. Sikuombi hata uifunge betri. Nimetaka tu mtu atakapogonga mlango akisema anamtafuta fundi, ujue hajakosea nyumba.

Msalimie dada na shemeji, na wale watoto wao wasumbufu. Usilazimishe goti. Ukitaka kunijibu, jibu. Ukinyamaza, nitaelewa ni kwa nini.

Mwanao,
Chapchap