Gari Ambalo Baba Mkwe Hatalipanda

Kilwa Masoko,
Jumapili.

Dada yangu Verediana,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kihesa, wewe, shemeji na watoto, na kwamba magoti ya Mama yametulia sasa baridi inapopungua. Mimi ni mzima kabisa. Nimekuwa mweusi kwa jua, nimenenepa kwa samaki, na mbwa naye kanenepa. Tunalala garini bila blanketi, jambo ambalo mtu wa Iringa haamini mpaka alione. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaipokea kwa sauti ya nje, na haya sitaki Mama ayasikie. Dereva wa basi ameniahidi barua itafika mikononi mwako.

Juzi ulinisema sana. Ulisema mzee wa watu ameumizwa na aliyoyasikia kwenye simu, na kwamba kama ilikuwa bahati mbaya, basi nimpigie Baba Mkwe nimwombe radhi, yaishe. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo, maana siku ya kikao wewe ulikuwa umeshaondoka Mbeya.

Hili gari unalikumbuka lilivyokuwa: Hiace kuukuu iliyokufa uani kwetu Uyole, kuku wanatagia ndani. Kisha Lugano akatengeneza gari la bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akizunguka peke yake kuelekea Malawi. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani hata chakula hataki. Alisema ndani ya gari lile kuna kitanda, jiko na beseni la kuoshea vyombo, na kwamba na sisi tutakuwa nalo, tutashuka pwani na kulala kando ya bahari kama yule bibi. Majirani walitucheka mpaka wakachoka. Yeye akapiga mbao, mimi nikashona godoro na mapazia, na jioni alinifundisha kuendesha mpaka nikaweza kupanda mlima bila gari kunizimikia. Gari likakamilika. Safari tukaipanga. Na mume wangu akafa, kwa homa iliyomchukua kabla daktari hajatuambia ni homa gani.

Mwiko wa ukweni kwangu unaujua. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsalimii, halitamki jina lake, na akimwona anakuja njiani anajificha migombani. Mimi Mhehe niliufuata mwiko huo miaka yote ya ndoa, wala hakuna aliyewahi kunilaumu. Nakiri niliupenda pia, maana niliambiwa ni heshima, na niliamini heshima ile inatoka pande zote mbili.

Baada ya matanga kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwangu. Kwa kuwa Baba Mkwe alikuwa mle ndani, mimi sikuweza kuingia. Nyumba ni yangu, viti ni vyangu, vitambaa vya viti nilivifuma mwenyewe, nami nimeketi jikoni kwenye moshi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Brayson, mdogo wake Lugano, ndiye aliyekuwa akileta na kupeleka maneno. Alikuja kusema nyumba nitabaki nayo, nikashukuru. Akaja tena kusema gari ni la baba, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya mwanawe. Kitanda kitang'olewa, viti vitarudishwa, na mzee atakuwa akipelekwa nalo kanisani. Nikamtuma akaseme kwamba mle mna kazi ya mikono yangu pia. Alirudi hanitazami usoni. Alisema baba amejibu kuwa maneno ya mkwe yeye hawezi kuyasikia, mwiko haumruhusu.

Dada, alikuwa ameyasikia vizuri sana. Ukuta ule ni wa tofali moja, na sauti yangu unaijua. Hasira iliyonishika hapo sijawahi kuiona maishani. Kitu nilichokipa adabu yangu yote ndicho alichoniziba nacho mdomo. Nikajiambia, sawa, basi tutaufuata mwiko mpaka mwisho.

Wakati wanakula wali nilioupika mimi, nilihamishia garini mashuka yangu, sufuria zangu na khanga zangu, nikamwita mbwa, nikajilaza kitandani nikiwa nimeacha mlango wazi ili kila mtu aone. Mahali anapolala mkwe, baba mkwe haketi. Brayson alikuja akashika kiuno, akanilaumu, shemeji umefanya nini sasa, ila niliona mdomo wake unataka kucheka. Lakini wazee hawakukosa njia. Mwiko huondolewa: mzee humpa mkwe ndama, wanasalimiana mbele ya watu, na tangu hapo wanakuwa baba na binti, wanaweza hata kupanda gari moja. Wakaamua ndama aletwe kesho yake. Mimi ndama huyo sikumngoja. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshapita Makambako.

Usinune kwamba sikupitia Iringa. Nilikata kuelekea Njombe, nikapita Songea mpaka Mtwara, kwa sababu nilijua Brayson angeanza kunitafuta kwenu, na wewe hujui kudanganya. Ukidanganya unakohoa.

Bahari niliiona kwa mara ya kwanza Mikindani. Nilisimamisha gari nikalia, kisha nikapika chai. Tangu hapo naifuata pwani taratibu. Nikifika mahali nakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba pa kuegesha, maana mwanamke peke yake na gari lenye mapazia anatiliwa shaka. Wakiniuliza mwenye gari yuko wapi, nasema amelala. Watu wa huku ni waungwana, ila mbwa hawamtaki karibu na mikeka yao, kwa hiyo namfunga kamba nikiwa mjini na kumfungua tukiwa wawili. Umbo lake ni la paka lakini wizi wake ni wa fisi. Lindi aliiba samaki mzima, changu mkubwa, na mama wa watu akamfukuza sokoni akimtaja kwa jina.

Jina lenyewe ndilo hilo Brayson alilokusimulia. Enzi za Lugano alikuwa Simba. Nilipovuka Makambako nilimwita Asukile. Ndiyo, dada, nimeliandika, na mkono haukunikauka. Jina la Baba Mkwe, nililolimeza miaka yote hiyo, sasa nalipaza ufukweni kutwa nzima. Asukile, acha mavi hayo. Asukile, shuka kitandani. Watoto wa Kilwa wote wanalijua.

Jumatano Brayson alinipigia. Alisema mzee amekubali kuniondolea mwiko kwa simu, kwa kuwa niko mbali. Yeye ataanza kusema, mimi nikijibu shikamoo tu, imekwisha. Ndama nitamkuta, na gari litakuwa halina kizuizi. Nikaelewa. Salamu yangu moja na gari limekwenda.

Simu ikaita. Ilikuwa mara ya kwanza sauti ile kunielekea mimi. Aliniita mwanangu. Aliniuliza kama bahari ni kubwa kama Lugano alivyokuwa akimhadithia. Kisha akangoja nijibu. Na alivyokuwa akihema wakati anangoja, dada, alikuwa Lugano mtupu, vile vile Lugano alivyokuwa akihema akitaka nimsamehe. Shikamoo ilinifika ulimini. Ilibaki kidogo sana.

Badala yake nikapiga ukelele: Asukile, toka huko, mpumbavu wewe, mwizi mkubwa! Nikakata simu.

Brayson alipopiga tena, nikamwambia mbwa alikuwa anachukuliwa na mawimbi, nikashtuka, nikaita bila kufikiri. Akaniamini, akakusimulia hivyo hivyo. Juzi jioni akaniletea jibu la ukoo. Mzee amesema gari lenye mbwa wa jina lake hatalipanda hata kwenda kuzikwa, na hataki lirudi uani kwa mtu yeyote wa ukoo wake. Nikae nalo.

Hiyo ndiyo bahati mbaya unayotaka niiombee radhi. Sasa nakuambia wewe peke yako. Siku hiyo bahari ilikuwa imekupwa, maji yako mbali kule, kinamama wanaokota chaza mahali ambapo asubuhi palikuwa na kina. Mbwa alikuwa amelala mapajani mwangu. Nilipopiga ukelele aliamka, akanilamba mkono, akalala tena.

Maneno yale niliyachagua, dada. Neno mwizi nililiweka mwisho makusudi, libaki sikioni mwake. Pumzi zile huwa zinanirudia nikiwa naosha vyombo, na zinaniuma, sitakuficha. Lakini kwenye simu ya kuomba radhi hazijanifikisha, na sidhani kama zitanifikisha. Alisema hawezi kunisikia. Sasa amenisikia.

Nikitoka hapa napanda mpaka Bagamoyo na Pangani, kisha nitakuja kwenu kwa barabara ya Morogoro, mchana kweupe, niegeshe mlangoni kwa Mama watu wakitoka misa. Mwambie nimemnunulia khanga na dagaa wa pwani. Wabusu watoto, msalimie shemeji na majirani wote wa Kihesa. Brayson akipiga, msalimie sana, yeye sina ugomvi naye.

Baba Mkwe usimpe salamu zangu. Mwiko bado upo.

Ni mimi mdogo wako,
Frida