Luhende Asichimbe Ua wa Mama

Mama Kabula, mke wangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara nikifika kwenye salamu nakwama. Kwetu mtu akikuuliza hali unamjibu mhola duhu, ni salama tu, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Leo sijibu hivyo. Wewe hujambo? Mama kile kifua kimepungua? Mvua huko Songwa imefika, au bado mnaangalia mawingu yanapita? Mimi mwili ni mzima. Haya mengine ndiyo naandika.

Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu nilikudanganya wiki iliyopita bila hata kumeza mate. Nilikwambia mdogo wako Luhende kaangushwa na bodaboda hapa Nyarugusu, kavunjika mguu. Uongo. Hakuna bodaboda. Luhende alifukiwa na udongo ndani ya shimo, na shimo hilo nilimwonyesha mimi. Barua nampa yule mama anayeleta mchele kutoka huko kwenu, anaondoka kesho. Luhende anatoka kituo cha afya Ijumaa. Lazima barua imtangulie, na utaona kwa nini.

Ilianza hivi. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa Katoro, nasubiri kifaa cha karasha, hii mashine yetu ya kusaga mawe. Jirani na gereji kuna seremala, alikuwa anamtengenezea meza mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu wa shingo nene, aliyetaka meza ya umbo la yai kwa sababu mwenzake anayo. Upuuzi mtupu. Lakini yule fundi akagonga misumari miwili kwenye ubao, akafunga ncha za kamba kwenye misumari hiyo, katikati ikalegea. Akaikaza kwa penseli, akazungusha. Mama Kabula, mstari ukatoka wenyewe. Ukapanda, ukapinda, ukashuka, ukarudi ulikoanzia bila kukosea hata unywele.

Nikamuuliza, "Fundi, nani kakufundisha hii?"

"Njaa," akasema. "Sogea, unanikanyagia ubao."

Nikarudi huku nikajifunza mwenyewe, kwa kamba na vigingi viwili vya kuchomeka chini. Darasa la saba langu unalijua, hesabu nilikuwa nanakili kwa jirani. Ila hii niliikalia. Ukisogeza vigingi karibu karibu, unapata mviringo kama sahani. Ukivitenga, umbo linakonda kama mbegu ya boga. Kamba ni ileile. Na simama popote juu ya mstari, pima mpaka kigingi hiki, pima mpaka kile, jumlisha: urefu ni uleule. Kinachopungua huku kimekwenda kule. Hapa machimboni kila kitu kinaiba. Mzani unaiba, pampu ya maji inaiba, hata yule mchungaji wa maspika makubwa anaiba. Ule mstari nimeupima na kuupima, sijawahi kuukuta umeiba. Nilikuwa nikimaliza kuuchora navua kofia. Nakwambia wewe tu: nilisali pale kuliko nilivyowahi kusali kanisani.

Nilikuwa nachorea kwenye marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishaoshwa, asubuhi kabla mashine haijawashwa. Watu wakaniona. Na hawa watu, ukikohoa watakuuliza umekoholea upande gani wakachimbe. Akaja bosi mmoja wa mashimo, anaitwa Maziku, tumbo limemtangulia.

"Mzee Shija, unapima nini?"

"Sipimi kitu. Nachora."

"Anachora!" Akawageukia wenzake. "Mzee na mvi zake anachora kama mtoto wa chekechea. Sema tu, dawa umeitoa kwa wachawi wa Gamboshi?"

Wakacheka mpaka wakashika magoti. Lakini kesho yake hao hao wakachimba pale nilipoacha kigingi, na kwa bahati tu wakakuta mawe yenye dhahabu. Ilikuwa ya kujaza kizibo cha soda. Ikatosha. Nikawa Mzee wa Kamba. Nikaletewa kuku, nikaletewa kiti cha plastiki chenye mikono. Ningesema neno moja tu, "Sijui lolote," mambo yangeisha. Sikusema. Nilikaa kwenye kiti. Watu waliokuwa wananipita kama gogo wakawa wananiamkia, na mimi moyoni nawadharau, wajinga wakubwa, huku natafuna kuku wao. Kitu nilichokuwa nakivulia kofia nikakigeuza ramli. Wao walikosea kwa kutojua. Mimi nilijua.

Luhende alipofika kutoka nyumbani akazikuta habari hizo. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza kwa nini namnyima.

"Shemeji, wageni wanakula, mimi ndugu yako nanusa harufu?"

Nikajivuna. Nikampeleka nyuma ya karasha, mahali nilipopapenda kuchorea kwa sababu udongo ni laini, kigingi kinazama kwa kidole na mstari unatoka safi. Nikamchorea. Nikasimama kama mfumu anayepiga ramli, nikamwambia, "Chimba hapo katikati."

Udongo laini, Mama Kabula. Miaka ishirini niko machimboni, na sikujiuliza kwa nini ardhi yote ni mawe ila pale tu ni laini. Lilikuwa shimo la zamani lililofukiwa. Mtu wa wiki moja hapa angejua. Mimi nilitazama mchoro wangu tu. Na Luhende hakuweka matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, maana Mzee wa Kamba kashapapitisha. Siku ya tatu ukuta ukashuka. Tulimfukua kwa mikono. Mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili.

Nikaenda kituo cha afya kuungama.

"Luhende, ile kamba haijui dhahabu. Ni mchoro wa fundi wa meza."

Akacheka, na mguu umefungwa vibao. "Shemeji, wewe mchoyo. Kosa ni langu, sikuchinja kitu kwanza. Shimo limenikataa."

"Nilikudanganya, mdogo wangu."

"Sasa hivi ndiyo unanidanganya."

Kisha akanionyesha mfuko. Kamba yangu na vigingi vyangu, ametuma watu wakamchukulie. Anasema Nyarugusu pana wivu, lakini nyumbani kwenu mgodi wa almasi uko jirani, na almasi haziwezi kuishia kwenye uzio wa mgodi. Ataupima ua wa mama, kuanzia zizini mpaka kwenye kaburi la baba yenu. Vijana wa kuchimba keshawapigia simu. Na mama hatamkatalia, unamjua na kitindamimba wake.

Na hawa wa hapa nimewaambia kamba haijui dhahabu, mbele ya wote. Maziku akasema, "Mzee keshashiba kuku, sasa anataka mbuzi." Na kweli, jioni mbuzi akaletwa, wehu hawa. Nimemrudisha mbuzi, kiti nimekiacha, sikikalii tena. Nikitoka kazini nafukia lile shimo la Luhende, koleo kwa koleo, maana nimekuta wapumbavu wawili wanalichungulia.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Akifika usibishane naye, ukibishana atajua kuna kitu kinafichwa. Mwombe kamba. Piga vigingi popote, hata nyuma ya jiko, uchore wewe. Mpe mama achore, mpe Kabula achore. Umbo litatoka kwa kila mkono, halichagui mtu. Kama ni uganga, basi nyumba nzima ni waganga, na mwulize mbona hamna hata almasi moja. Akikataa bado, kaa juu ya kaburi la baba yenu na usinyanyuke mpaka nije. Ila ukiumaliza ule mstari, utazame kidogo kabla hujaufuta. Wenyewe haujamkosea mtu.

Mama mpe shikamoo yangu, najua hataitikia. Kabula mwambie baba yake anamkumbuka. Shangazi yenu wa ng'ambo ya mto unisalimie, na asiamini sifa zangu alizozisikia. Katekista mwambie aache kuniombea mafanikio, auombee mguu wa Luhende.

Barua hii isome kwa sauti, Luhende mwenyewe akiwa amekaa hapo. Usiruke pale pa kuku wala pale pa kiti. Na mama akiuliza ni nani aliyemvunja mwanawe mguu, usimwambie ni shimo. Mtaje mtu.

Shija,
baba yake Kabula