Tulivyomfungia Mlango Mfadhili wa Shule

Baba Asha, mume wangu,

Mungu azidi kukuweka pema. Leo nivumilie, maana nimekuja kujisifu. Ile shule tunayoitaka hapa Thamesmead, London, imepata mfadhili!

Kampata nani? Mwanao. Nasema mwanao, ila akili kachukua kwangu, mimi niliyeishia darasa la saba. Unakumbuka serikali ilivyotuambia: watoto watasoma bure, fedha nyingi tutatoa sisi, lakini tafuteni mtu wa kutia fungu lake, la sivyo hakuna shule. Mpaka uko hospitali ulikuwa unanung'unika, "Mjukuu wangu Naima atapanda mabasi mawili mpaka lini?" Basi Asha akawaandikia matajiri, akaandika, akaandika. Akajibu mmoja tu, mzee wa Kizungu muuza mazulia. Akasema atakuja kwenye ukumbi wetu wa mtaa kutuona kwanza, ndipo aamue.

Akina mama tukapika sambusa, tukajipamba. Gari lake liliposimama, sijui nilipatwa na nini. Nikajiambia, tajiri mzima anakuja kwetu, aingie hivihivi? Nikafunga mlango. Bi Zuhura, yule jirani yetu, akapiga vigelegele. Kwetu bwana harusi hapiti bure, ati! Wewe mwenyewe shangazi zangu walikuzuia mpaka ukavua saa, ukaoa hujui saa ngapi.

Asha rangi ilimtoka. "Mama, fungua! Ataondoka!"

"Aende wapi? Harufu ya sambusa ishamfika."

Mdomoni hivyo. Moyoni, wallahi, nilishaona nimeiua shule kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini ndiyo nimeshafunga, na wanawake wote wananitazama.

Mzee akagonga, akauliza kuna nini. Asha akafungua dirisha, akamweleza kwa kile Kiingereza chake cha watangazaji, kwamba kwetu anayekuja kuoa hutoa kitu mlangoni. Baba Asha, nikabandika sikio mlangoni! Halafu tukasikia mtu anacheka.

"Na bibi harusi ni nani?"

"Shule," Asha akamjibu.

"Basi mwambie mama yako natoa na maktaba."

Nilivyoufungua ule mlango, nusura uning'okee mkononi! Sambusa alikula, akaomba nyingine za mkewe.

Ameshatia saini, na msingi unachimbwa, Asha akiusimamia. Kila nikipita pale na basi nawaonyesha abiria, "Mnamwona yule mwenye kofia ya ujenzi? Nimemzaa mimi." Jioni nafika nyumbani nikuhadithie... basi, naishia kulihadithia koti lako. Sijalitoa msumarini. Usinicheke.

Pumzika, mume wangu. Siku shule ikifunguliwa nitakwenda na Naima kwa miguu, nimemshika mkono. Tutasimama getini tukusomee Fatiha kwa sauti, hata kengele ilie, hata mwalimu atuite. Tukimaliza ndipo nitamwachia aingie.

Mkeo,
Mama Asha