Weupe wa Mkia wa Chui Jike

Akiru mjukuu wangu,

Ejok? Hujambo? Hapa Lodwar mbuzi wamezaa, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu uende Kakuma kusoma. Unauliza kama "chui jike" ni tusi, maana wavulana wanakuita hivyo kwenye mdahalo, nawe sasa unataka kunyamaza.

Nami niliitwa hivyo chuoni, nilipodai maji ya bweni la wasichana.

"Keti, chui jike!" wavulana walinipigia kelele mkutanoni.

"Chui haketi kwa amri yenu!" nikawajibu.

Walicheka. Nilirudi bwenini peke yangu.

Mama yangu, mchungaji wa mbuzi, alinieleza kwamba chui jike hutembea peke yake, lakini huinua mkia ili watoto wauone weupe wa ncha yake, wamfuate.

Simama useme, Akiru. Miaka yote nilidhani nyuma yangu hakuna mtu. Kumbe ulikuwa unakuja wewe.

Nyanya yako