Njia ya Nyuma ya Hekalu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekama, nimepeleka maziwa barabarani, nimerudi jikoni na kufungua ramani ya Japani kwenye simu kabla hata ya kunywa chai. Ni hivyo kila asubuhi tangu Chebet anitumie tiketi. Miaka minne sijamwona mwanangu ila kwenye simu. Timu ya riadha anayoikimbilia huko itampa siku moja tu ya kutembea nami, Jumapili. Siku moja! Tumeiweka kwa hekalu la kale lililo mlimani nje ya mji wake. La mbao, na lango lake limepita kanisa letu kwa urefu. Kulifikia unapanda ngazi za mawe katikati ya msitu. Nataka tuzipande pamoja. Chebet alijifunza kukimbia akinifuata mlimani nilipokuwa nikienda kufundisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amebadilisha mpango. Eti tusipande ngazi. Kuna basi dogo linalozunguka nyuma ya mlima hadi mlango wa pili. "Mum, hizo ngazi ni mingi sana, na magoti yako je?" Magoti yangu! Nimestaafu kufundisha, sijastaafu kutembea. Hapa Olenguruone utaenda wapi usipande mlima? Nimekasirika hadi nikaunguza maharagwe. Baba Chebet amecheka, kisha akayala yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Kina mama wa kanisa wameniuliza kama nitaenda kuabudu sanamu. Nimewaambia naenda kumwona mwanangu, na majengo. Mmoja hajaridhika. Shauri yake.

Jioni nimesoma kuhusu hilo basi. Linakushusha nyuma kabisa, lango kuu hulioni. Ni kama kuingia nyumba ya watu kupitia jikoni. Nimemwandikia Chebet: ngazi. Hajajibu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nakuru, kununua soksi. Kule hekaluni viatu huvuliwa mlangoni na zangu zote zina matundu. Muuzaji akanishikia za rangi ya waridi: "Mathe, hizi zitakutoa, utapendeza." Nimezichukua.

Nikiwa bado dukani picha zikaingia. Chebet amekwenda mwenyewe kukagua njia. Lango, taa za mawe zilizoota kijani, ngazi zikipotelea kwenye miti. Zote zimepigwa kutoka chini. Ya juu hakuna hata moja. Nimemuuliza mbona hakupanda. Eti alikuwa na haraka. Chebet akiwa na haraka si ndipo hukimbia?

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimesoma kwamba Jumapili watu hufurika pale. Nikamwuliza, bila matumaini, kama anaweza kumwomba kocha siku nyingine. Jibu limekuja papo hapo: "Siku yoyote ni sawa, Mum."

Siku yoyote? Huyu ambaye hata Krismasi huwa mazoezini?

Nimefagia ua mara mbili. Sijui nini kinanitafuna.

Jumapili, 19 Oktoba

Sasa najua. Alipiga simu ya video baada ya ibada. Alikuwa ameketi. Ndiyo kwanza nikatambua kwamba siku hizi huwa ameketi kila tukiongea. Alikuwa akinieleza chakula cha pale hekaluni, hawali nyama, birika lake likapiga filimbi. Akainuka kulizima. Jiko liko karibu tu. Alishika meza, akashika ukuta, mguu wa kushoto akauburuta. Akarudi, akaketi, akaendelea na habari za chakula.

 Nilidanganya kwamba ng'ombe amekata kamba. Nikaenda zizini nikalia.

Mwanangu ameumia na hajaniambia. Amenisingizia magoti ili nisijue. Nina hasira naye. Naogopa pia. Kukimbia ndiko kulikompeleka kule, je, asipoweza tena? Nimemwambia Baba Chebet. Ametoka nje akakaa kwenye kigoda hadi chakula kikapoa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimewaza usiku kucha. Nikimwuliza, atasema ni kitu kidogo na atakata simu. Nikizidi kudai ngazi, atapanda. Namjua. Atazipanda zote akitabasamu na ataumaliza mguu kwa sababu mama yake alitaka kuona lango.

Mchana nimempigia. Nimesema, kusema kweli magoti yananisumbua, nilikuwa naona aibu tu, tuchukue lile basi.  Kisha nikamsikia akishusha pumzi, ndefu, mpaka huku. "Sawa, Mum. Tutaenda polepole. Huko juu kuna benchi, tutakaa."

Hilo benchi sasa nalitaka kuliko lango. Labda ataniambia tukiwa hapo. Asiponiambia, tutakuwa tumekaa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua imekatika asubuhi. Nimeenda sokoni kwa miguu, polepole, nikijizoeza. Si kazi rahisi kwa mtu aliyezoea kuwaacha wenzake nyuma. Hatua, pumzika, hatua. Nimejaribu kushika kiuno, imependeza. Mama wa viazi akaacha kupima: "Mwalimu, mguu imefanya nini?" Nikamwambia ni magoti. Ameniongezea viazi viwili, pole.

Kurudi, kwenye mlima wa shule, nimejisahau nikaharakisha kama kawaida yangu. Nilipogundua nilikuwa karibu kufika juu. Nikashuka tena hadi chini, nikaanza upya, polepole.