Nani Alisema Barua

Baba Yeremia, mume wangu,

Swali lako limenifikia. Jirani yetu Chilewa, ambaye mlichukuliwa pamoja kubeba mizigo ya vita, amerudi na mguu mbovu na habari zako. Anasema homa ilipokushika njiani ulirudia jambo moja tu: "Nani aliwaambia ni barua?" Uliuliza mpaka ukanyamaza, wakakuzika palepale. Basi leo nakujibu, ingawa nimechelewa.

Unakumbuka neno lile lilivyoingia nyumbani kwetu? Nilikuwa mke mpya, natwanga uwele mlangoni. Ukaja kutoka misheni kwa yule bibi wa Kiingereza, daftari mkononi, unatembea huku unasema, "Leta. Leta. Leta." Nikasema moyoni, huyu mwanamume hata salamu ya mbukwa hajanipa, keshaanza kuamrisha! Nikakuletea kibuyu cha maji. Ukasema tena leta. Nikaleta kigoda. Nikaleta na mlenda wa jana. Ulipoelewa ulicheka mpaka mama yako akatoka ndani ya tembe kuuliza kuna nini.

"Si Kiswahili, mke wangu," ulisema. "Kwa Waingereza leta ni herufi. Kama hii." Ukachora A kwenye vumbi.

Siku nyingine ukaniambia leta hiyohiyo ni barua. Nikagomba: watu gani hawa, meli wanazo, maneno hawana? Ukasema, "Barua si herufi zilizokusanyika? Wamefupisha safari." Nilipenda ulivyosema hivyo. Kila jioni mbuzi wakishaingia zizini ulinifundisha, mpaka nikaweza kuandika jina la mwanetu.

Halafu vita ya Wadachi, hao Wajerumani, na Waingereza. Waingereza wa misheni wakachukuliwa, ukabaki wewe na wanafunzi wako. Kila siku uliandika daftarini kwa Kiingereza herufi ulizofundisha na mahali, ili bibi akirudi aione kazi. Mvumi, leta nne. Chimwaga, leta sita. Nilikuambia andika Kiswahili, hukusikia. Ubishi wako ule bado unaniudhi, na ninautamani.

Asubuhi ile ulikuwa darasani. Wakaja askari watatu wa Wadachi na karani wao. "Leta vitabu vya mwalimu!" Nikaleta. Karani akafungua daftari, na Kiingereza chenyewe hakijui, loo, anaokoteza herufi moja moja kama mtoto. Kila ukurasa anakuta neno lilelile. Akaweka kidole juu yake, akanitazama.

"Mke wa mwalimu, hili neno maana yake nini?"

Ningeweza kusema herufi. Ningeweza kusema sijui, nikarudi kwenye kinu changu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi jambo la kitabu, baba Yeremia. Nilisimama wima nikajibu kwa sauti, "Barua." Nilichagua hiyo kwa sababu niliiona kubwa kuliko herufi. Kilikuwa kiburi tu, sina jina lingine la kukipa.

"Barua nne Mvumi," karani akasema. "Barua sita Chimwaga. Kumbe anawaandikia Waingereza."

Wakakufuata darasani. Ulipopitishwa hapa umefungwa kamba, unapelekwa kwa wapagazi wa vita, ulikuwa unawaambia, "Ni herufi, jamani, ni herufi tu." Nami nikapiga kelele, herufi, herufi! Nani wa kunisikiliza tena? Yeremia alidhani tunacheza somo, akaanza kuzitaja.

Tangu siku hiyo mama yako humlaani yule karani kila tunapokaa kula. Anaamini ni yeye aliyelitunga neno. Nami hukaa kando yake nikiitikia. Ananisogezea mlenda wake, anasema mke wa mwanangu asikonde. Naumeza, na nakuambia kweli, nachukia kila tonge.

Nimekulilia, nimejililia na mimi, imetosha. Lala, mwalimu wangu. Swali ulilouliza lina jibu, na jibu lina mwenyewe.

Kesho nitamsomea mama barua hii. Unamjua, hajui hata herufi moja. Nikifika pale karani aliponiuliza, naweza kuruka mistari miwili mitatu nikaendelea, asijue maisha yake yote. Sitaruka. Nitaweka kidole chini ya kila neno, kama ulivyonifundisha.

Mkeo, mwanafunzi wako,
Mama Yeremia